Laptopu ya mtumba kwa kazi za ofisi: jinsi ya kuichagua na kuipima dukani

Kwa hela ileile, duka moja la Kariakoo litakupa laptopu mpya ndani ya boksi, nailoni bado haijabanduliwa, na duka la jirani litakupa HP EliteBook iliyokwishatumika ofisini Ulaya miaka minne. Wengi huchukua ya boksi. Wakifika nyumbani wanakuta ina prosesa ya Celeron N4020, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC (aina ya polepole) ya GB 64, na vyote vimechomelewa kwenye bodi. Fungua kurasa kumi za intaneti na Excel pembeni, inaanza kutweta. Huwezi kuongeza RAM wala kubadili diski. Umenunua ulichonunua.

EliteBook ile ya mtumba imetoka kwenye kundi lingine kabisa. Kampuni za Ulaya na Marekani hununua au kukodi laptopu za daraja la ofisi kwa maelfu, huzitumia miaka mitatu hadi mitano, kisha huziuza kwa jumla. Nyingi hupitia Dubai na Sharjah kabla ya kufika Dar es Salaam, Mombasa au Kampala. Kenya wamezoea kuziita "ex-UK". Bodi zake ni imara, vipuri vyake viko mtaani, na fundi yeyote wa mjini ameshazifungua. Hatari yake ni moja: kila moja imeishi maisha yake, kwa hiyo mbili zenye jina moja na bei moja zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni upimaji wa dukani.

Hatua ya 1: Jua kazi yako inataka nini

Kwa Word, Excel, barua pepe, mikutano ya Zoom, programu ya uhasibu kama QuickBooks au Tally na kujaza ritani mtandaoni, tafuta Core i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, RAM ya GB 8, SSD (diski ya kasi) ya GB 256 na kioo cha 1920 kwa 1080. Usishuke chini ya hapo hata kama muuzaji anabembeleza. Kama wewe ni mtu wa kufungua kurasa thelathini bila kufunga hata moja, au unaandika programu za kompyuta, nenda GB 16.

Kioo watu hukipuuza. Vioo vya 1366 kwa 768 bado vimejaa sokoni, na bei yake huvutia. Kwenye Excel kinakuonyesha mistari michache, na kwenye Word unaona nusu ya ukurasa tu. Mtu anayeshinda na jedwali siku nzima asikiguse.

AutoCAD, ArchiCAD na kuhariri video ni kesi nyingine. Huko unatafuta Dell Precision, HP ZBook au Lenovo ThinkPad za P, prosesa yenye herufi H mwishoni na kadi ya picha inayojitegemea. Ni nzito, na chaja zake nyingi ni za wati 130 kwenda juu. Usijidanganye kuwa utabeba chaja ya mwenzako.

Hatua ya 2: Soma jina la prosesa, achana na stika

Neno "Core i7" peke yake halina maana. Core i7-4600U ni ya mwaka 2013 na ina viini viwili tu, yaani vichwa viwili vya kufanyia kazi. Core i5-8350U ina vinne. Hiyo i5 itaiacha i7 mbali, na mara nyingi muuzaji anataka bei ya juu kwa i7 ile ya zamani kwa sababu mteja anasikia "saba".

Angalia tarakimu zinazofuata kistari. 8350U ni kizazi cha 8, 10310U ni cha 10, 1145G7 ni cha 11, 1245U ni cha 12. Kwa AMD, Ryzen 5 PRO 4650U na 5650U zina viini sita na ni mali nzuri ukizipata, ingawa mtaani haziko nyingi kama Intel.

Kwa nini kizazi cha 8? Sababu ya kwanza, hapo ndipo i5 za kundi la U (zenye herufi U mwishoni) ziliporuka kutoka viini viwili hadi vinne. (i3-8130U ilibaki na viwili, kwa hiyo usiichanganye.) Sababu ya pili ni Windows. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele, ukiacha prosesa chache sana za cha 7, pamoja na TPM 2.0, yaani sehemu ya usalama ya mashine. Wapo wauzaji wanaopiga Windows 11 kwenye mashine za kizazi cha 4 au cha 6 kwa kuruka ukaguzi. Inawaka, inapendeza, lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine hiyo. Ukiona Windows 11 mezani, bado soma jina la prosesa.

Hatua ya 3: Andika majina matatu kabla ya kutoka nyumbani

Ukiingia dukani bila majina, utauziwa kile muuzaji anachotaka kimtoke. Kwa kazi za ofisi, orodha yenye akili ni Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 au G6, na Dell Latitude 5490 au 7490. Zote hizi zina nafasi mbili za RAM, hivyo GB 8 ya leo inaweza kuwa GB 16 mwakani kwa kuongeza kipande kimoja cha DDR4.

Herufi moja hubadilisha mambo. T480s ni nyembamba kuliko T480, lakini sehemu ya RAM yake imechomelewa na imebaki nafasi moja. T490 na T14 ya kwanza ni hivyohivyo. X1 Carbon imechomelewa RAM yote. Ukinunua ya GB 8 utabaki nayo hivyohivyo.

Ukitaka Mac, MacBook Air M1 ya mwaka 2020 ndiyo yenye thamani: haina feni na inakaa na chaji muda mrefu. MacBook nyingi za Intel za 2016 hadi 2019 zina kibodi cha kipepeo kinachosumbua, na Apple imeshatangaza kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Bei yake ikishuka usishangae.

Hatua ya 4: Dukani, lipe zoezi saa nzima

Nenda asubuhi, si wakati duka linafungwa. Beba flashi, hedifoni, simu yenye bando, na kwenye flashi weka programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Mwambie muuzaji mapema kwamba utaipima. Akikunja uso, maduka ni mengi.

Anza na kufuli. Kila kasoro nyingine ina bei yake ya kurekebisha, hii haina.

Zima mashine kabisa, kisha iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuingia BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine inayofunguka kabla ya Windows: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikiomba nywila, irudishe mezani. Muuzaji atakwambia "hiyo fundi anatoa kwa dakika tano, anachomoa betri ndogo". Kwa ThinkPad za zama hizi si kweli: nywila ya msimamizi imehifadhiwa kwenye chipu, haifutiki kwa kuchomoa betri ya saa. Ukiwa ndani ya BIOS, ingia sehemu ya Security utafute maneno Absolute au Computrace, yaani huduma ya kufuatilia mashine zilizoibwa. Ikiwa imeandikwa "Activated", huenda mashine bado inaripoti kwa mmiliki wa zamani, na huenda iliibwa.

Kuna kufuli ya pili ambayo haionekani siku ya kununua. Kampuni nyingi husajili laptopu zao kwa Microsoft, na usajili huo unafuata bodi hata diski ikibadilishwa. Muuzaji hupiga Windows bila kuunganisha intaneti, kila kitu kinakwenda sawa, nawe unaondoka na furaha. Miezi sita baadaye unairudisha Windows upya ukiwa na intaneti, na ukurasa wa kwanza unakukaribisha kwa jina la kampuni ya Ujerumani na kukutaka barua pepe ya ofisi yao. Dawa ni kufanya hilo mapema: ukisharidhika na vipimo vingine, omba mashine ifanyiwe "Reset this PC" huku imeunganishwa na data ya simu yako. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Kama muda haupo, basi haki ya kuirudisha kwa sababu hiyo iandikwe kwenye risiti.

Kwa Mac kipimo ni hichohicho: ifutwe, iwashwe na intaneti. Ikitaja "Remote Management" au ikiomba Apple ID ya mtu mwingine, acha.

Kisha betri. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuonyesha lilipohifadhiwa faili. Lifungue kwa kivinjari. Tafuta mistari miwili: "Design capacity", yaani uwezo wa kiwandani, na "Full charge capacity", yaani uwezo uliobaki. Tuseme EliteBook 840 G5 inaonyesha 50,000 mWh na 31,000 mWh. Gawa: imebaki asilimia 62. Kazi nyepesi ya ofisi hula karibu wati 9, na 31,000 mWh ni Wh 31, kwa hiyo 31 kwa 9 inakupa saa tatu na nusu hivi. Inatosha kuvuka mgao wa umeme wa mchana. Chini ya asilimia 50, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya laptopu, na useme hivyo waziwazi wakati wa kupatana.

T480 nyingi zina betri mbili, ya ndani na ya kuchomoa nyuma, kwa hiyo ripoti itaonyesha mbili, jumlisha. Uzuri wake ni kwamba ile ya nje unaibadilisha mwenyewe bila fundi, hata mashine ikiwa inawaka.

Ripoti inaweza kudanganya. Betri bandia mara nyingine huandika uwezo uliobaki sawasawa na wa kiwandani na mizunguko sifuri, kumbe ndani hamna kitu. Kwa hiyo chomoa chaja, pandisha mwanga juu, cheza video dakika 30 uone. Ikitoka asilimia 100 hadi 70, una saa moja na dakika arobaini kwa mzigo huo. Ikifika 60 ikazima ghafla, huenda seli moja imekufa.

Mwisho wa betri: ifunge laptopu, iweke juu ya kioo cha kaunta, bonyeza pembe zake nne. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, au tachipadi, ile sehemu ya kusogezea kishale kwa kidole, imenyanyuka na haibonyezeki vizuri, betri imevimba. Usiichaji tena, na usikubali "ukifika nyumbani itatulia".

Diski. Fungua CrystalDiskInfo. Angalia asilimia ya afya na "Power On Hours". Ofisi ya saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka, ni saa 2,000 kwa mwaka. Mashine ya miaka minne yenye saa 8,000 inasema kweli. Ukikuta 30,000, ilikuwa haizimwi. Ukikuta saa 12 na jina la kampuni usiyoijua, SSD ya awali imetolewa ikawekwa ya bei ndogo. Si dhambi, lakini ujue hilo, na usimlipe kana kwamba ni ya kiwanda.

RAM inaonekana kwa Ctrl+Shift+Esc, kisha Performance, kisha Memory. Pale chini kuna "Slots used". Ikisema 1 of 2, una nafasi tupu ya kuongeza; ikisema 2 of 2 kwa GB 8, ni vipande viwili vya GB 4 na ukitaka kupanda itabidi kimoja kitoke. Hapohapo kwenye CPU soma jina kamili la prosesa, na ulilinganishe na lile uliloliona BIOS. Jina linaloonekana ndani ya Windows linaweza kuchakachuliwa. La BIOS ni gumu zaidi.

Kioo: weka ukurasa mweupe mtupu, mwanga juu kabisa. Tafuta madoa ya njano pembeni, alama za kubanwa, nukta zisizowaka. Kisha ukurasa mweusi. Kwa EliteBook, angalia kitufe cha F2: baadhi zina kioo cha faragha kinachoficha maandishi kwa aliyekaa pembeni. Hata kikiwa kimezimwa, kioo hicho huonekana hafifu kuliko cha kawaida. Kwa mhasibu wa benki ni faida. Kwa anayefanya kazi barazani mchana ni adha tupu.

Kibodi: fungua Notepad, bonyeza kila kitufe, pamoja na vile vya pembeni usivyovitumia. Nyingi zimetoka Ujerumani au Ufaransa zikabandikwa stika za Kiingereza. Kwenye kibodi cha Kijerumani Z na Y zimebadilishana, na stika hubanduka baada ya miezi michache ya jasho la vidole. Kucha ukiipitisha pembeni ya kitufe utaihisi stika.

Yaliyobaki ni ya haraka: flashi kwenye kila tundu la USB, HDMI kwenye runinga ya dukani, hedifoni, kamera, rekodi sauti yako uisikilize, Wi-Fi kwa hotspoti ya simu. Fungua kifuniko polepole uone kama bawaba zinalia au plastiki ya pembeni imepasuka. Acha video ya YouTube icheze dakika 20, kisha sogeza mkono penye tundu la hewa. Feni ikipiga kelele bila kupumzika, kuna vumbi na pasta ya prosesa imekauka. Hiyo ni kazi ndogo ya fundi, isikufanye uikatae mashine nzuri.

Chaja iangalie kwa macho. Nyuma yake isomeke 19.5V 3.33A kwa HP, 19.5V 3.34A kwa Dell, au 20V 3.25A kwa Lenovo. Zote ni wati 65. Dell isipoitambua chaja hukuonyesha onyo wakati wa kuwaka, huacha kuchaji na hupunguza kasi ya prosesa makusudi. Mtu hudhani laptopu ni mbovu kumbe ni chaja ya kuokoteza.

Hatua ya 5: Bei na risiti

Bei ya kweli ni bei ya duka, ongeza betri, ongeza RAM, ongeza SSD inayokosekana. Uliza majina yako matatu kwenye maduka matatu, hesabu hivyo kwa kila moja, ndipo ulinganishe. Mara nyingi iliyoonekana ghali kidogo, yenye GB 16 na betri ya asilimia 80, ndiyo inayoibuka nafuu.

Cheki pia kama Windows ni halali: kwenye Command Prompt andika slmgr /xpr. Ikikuambia imeamilishwa daima, ni dalili nzuri. Ikikutajia tarehe ya kuisha, huenda imefunguliwa kwa programu ya wizi, na mara nyingi programu hizo huja na virusi.

Dai risiti ya EFD kwa Tanzania, au ya eTIMS kwa Kenya, na hakikisha namba ya mashine imeandikwa humo. Namba iliyo kwenye stika ya chini ifanane na ile ya BIOS. Zikitofautiana, kifuniko kimetoka kwenye mashine nyingine, au kuna historia hupendi kuijua. Waranti ya mdomo ya "rafiki yangu, nipo hapa kila siku" haina siku. Iandikwe: siku ngapi, na nini kinahusika. Maduka mengi huiondoa betri na kioo kwenye waranti, ndiyo maana umevipima mwenyewe.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza nyumbani

Usianze kuhamisha mafaili. Kama hukuirudisha upya dukani, pakua programu ya Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft, itumie kuweka Windows kwenye flashi ya GB 8, upige upya ukiwa na intaneti. Leseni iko kwenye bodi, itajirudi yenyewe.

Halafu sasisha viendeshi (drivers) na BIOS kwa programu ya mtengenezaji: Lenovo Vantage, HP Support Assistant au Dell Command Update. Kwa T480 usiahirishe, kwani programu ya zamani ya chipu ya Thunderbolt ina hitilafu inayoweza kuua tundu la USB-C, na tundu hilo ndilo la kuchajia. BIOS isasishwe chaja ikiwa imechomekwa na betri imejaa. Umeme ukikatika katikati na betri ni mbovu, bodi inaweza isiwake tena, kwa hiyo mwenye betri chini ya asilimia 50 abadilishe betri kwanza.

Kama laptopu itashinda mezani imechomekwa, weka kikomo cha kuchaji cha asilimia 80. Lenovo iko kwenye Vantage, HP na Dell iko ndani ya BIOS. Betri hufa haraka ikikaa imejaa huku ina joto, na ofisi nyingi za Dar mchana hazina ubaridi wa kuisaidia.